Fundi Umeme Anadaiwa Nini na Mto?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi umeme, naishi Ifakara, mwaka wa sita sasa nafunga nyaya kwenye nyumba za vijijini. Babu yangu hakukata mti mkubwa kabla ya kuuomba radhi. Mimi natoboa kuta, nachimbia nguzo, naunga watu kwenye gridi, na usiku nasoma kwenye simu kwamba teknolojia ndiyo inayoiua dunia na kwamba wanafalsafa walishaonya zamani. Rafiki yangu anasema hayo ni maneno ya watu walioshiba. Nataka kujua, je, kazi yangu ni sehemu ya dhambi hiyo? Na kama ndivyo, nifanye nini? Nirudi kwenye koroboi?"

Marahaba, kijana wangu. Swali lako nimekaa nalo siku kadhaa, kwa sababu limetoka kwa mtu ambaye mikono yake imo ndani ya jambo lenyewe. Sisi tunaofundisha falsafa huizungumzia teknolojia tukiwa chini ya taa zilizofungwa na watu kama wewe.

Nianze na rafiki yako, maana ana hoja. Mama anayejifungua usiku kwenye zahanati isiyo na umeme, mkunga akiwa ameshikiwa tochi ya simu, hahitaji mhadhara wa kuiheshimu dunia. Chanjo zinataka jokofu. Na hiyo koroboi unayoitaja haikuwa na urafiki wowote na dunia: ilikunywa mafuta yaliyochimbwa mbali, na moshi wake tuliuvuta sisi tuliosoma tumeinamia daftari. Mkaa nao unakula misitu bila kuhitaji waya hata mmoja. Kwa hiyo mtu akikugawia wanadamu mafungu mawili, huku waharibifu wa kisasa, kule wazee wa asili wasio na kosa, usimwamini. Mti hauendi ila kwa nyenzo, na binadamu hajapata kuishi siku moja bila nyenzo.

Rafiki yako anakosea pale anapodhani kwamba swali linaishia tumboni. Ili nikuonyeshe, sitakupeleka mbali na kwako. Fuata bonde la Kilombero kuelekea Mlimba mpaka Kihansi.

Mto Kihansi unashuka kutoka milima ya Udzungwa kupitia korongo jembamba, maporomoko juu ya maporomoko, kiasi cha mita 850 ndani ya kilomita chache tu. Mhandisi akisimama pale anaona umeme, na hakosei kuuona. Miaka ya 1990 nchi ilikuwa inateswa na mgao. Mabwawa ya Mtera na Kidatu yalikuwa yakingoja mvua ambazo hazikuja. Kihansi ilikuwa na mto unaotiririka mwaka mzima na mteremko mkali. Bwawa dogo, handaki ndani ya mwamba, mashine tatu, megawati 180. Watu wengi walipata mwanga kutokana na mradi ule, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mwaka 1996, ujenzi ukiwa tayari unaendelea, watafiti waliokuwa wakichunguza korongo walikuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu, urefu wake kama sentimita mbili, ambaye sayansi ilikuwa haijapata kumwandika. Chura huyu hatagi mayai majini kama wale wa bwawani kwenu, bali huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura, wadogo kuliko punje ya mchele. Aliishi kwenye manyunyu yanayorushwa na maporomoko, katika vipande vichache vya ardhi yenye unyevu ambavyo ukivijumlisha havifikii shamba la tajiri mmoja. Hajapata kuonekana mahali pengine popote duniani.

Mashine zilipoanza kufua umeme, takribani asilimia 90 ya maji yakaingia handakini. Manyunyu yakakata. Yakatandazwa mabomba yenye vinyunyizio ili kumtengenezea chura mvua ya bandia. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Mwaka 2003 waliobaki korongoni waliporomoka ghafla, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura ukaonekana kwenye mizoga. Mwaka 2009 akatangazwa kwamba porini hayupo tena. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi kwa ndege hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni kwao, chini ya mabomba yaleyale.

Nakumbuka jinsi watu walivyocheka. Chura kupanda ndege! Fedha zote hizo kwa chura, na binadamu wanakosa dawa! Sikuweza kucheka, ingawa hoja ya dawa niliiona na bado naiona. Nilichoona zaidi ni kwamba kicheko kile kilikuwa kinajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza kwa sauti: kitu kisichotufaa kina haki gani ya kuwepo?

Sasa twende kwa hao wanafalsafa unaowasoma. Mwaka 1953, mjini Munich, Mjerumani Martin Heidegger alitoa mhadhara ambao nadhani ndio chimbuko la mengi unayokutana nayo kwenye simu. Mfano wake mmoja ulikuwa mtambo wa umeme kwenye mto Rhine. Alisema daraja la zamani la mbao liliunganisha ukingo na ukingo kwa mamia ya miaka, na mto ukabaki kuwa mto. Mtambo ni jambo jingine: hapo mto wenyewe ndio umejengwa ndani ya mtambo. Umekuwa kitu cha kutoa msukumo wa maji, na unaulizwa swali moja tu, unatoa kiasi gani. Kwake yeye, teknolojia ya kisasa haikuwa rundo la mashine. Ilikuwa namna ya kutazama, ambamo kila kilichopo kinaonekana kama akiba iliyopangwa ghalani ikisubiri kuagizwa. Na alikwenda mbali zaidi: hata mto unaohifadhiwa kwa ajili ya watalii umeshaingia ghalani, kwa sababu nao umewekwa tayari kwa ajili ya kuagizwa na biashara ya likizo.

Fikiria mteja wako anaponunua umeme. Anatuma fedha, zinarudi tarakimu 20, anazibonyeza kwenye mita ya LUKU, taa zinawaka. Mvua iliyonyesha Udzungwa, mwamba uliotobolewa, korongo lililokauka, vyote vimo ndani ya zile tarakimu 20, na hakuna kimoja kinachoonekana. Sisemi hivyo kumlaumu mteja. Nasema mto umefika nyumbani kwake ukiwa hauna tena sura ya mto.

Mzungu yule alihitaji mhadhara mzima kueleza jambo ambalo kwenye Kiswahili limelala waziwazi, tena midomoni mwetu wenyewe. Tunauitaje msitu, mto, tembo, madini? Maliasili. Mali, halafu asili. Kitu hakijatamkwa vizuri, tayari ni mali. Neno la pili ni rasilimali, ambalo mzizi wake wa Kiarabu ni mtaji, ule msingi wa fedha anaoanzia mfanyabiashara. Neno jingine tunalo, la zamani na zito kuliko hayo, nalo ni kiumbe. Chura ni kiumbe. Kiumbe ni kitu kilichoumbwa, kwa hiyo kimekuja duniani kwa sababu ambayo haikuanzia kwako.

Tena sikiliza sarufi, maana sarufi huona mambo ambayo wasemaji wake wameyasahau. Tunasema "chura amepotea" kama tunavyosema "mtoto amepotea". Kiswahili kinampa chura, nyuki, hata mchwa, kiambishi kilekile anachopewa binadamu. Hakuna aliyetufundisha kwa makusudi. Ukisema "chura imepotea" mtoto wa miaka mitano atakucheka. Lakini mwandike chura yuleyale kwenye ripoti, umtie kwenye fungu la rasilimali, na sentensi inabadilika yenyewe: "rasilimali imepungua." Yule aliyekuwa *a-* amekuwa *i-*. Hakuna aliyemdhuru, kalamu imepita tu juu ya karatasi, na tayari ameshuka kutoka upande wa wanaoishi hadi upande wa vitu vilivyopangwa stoo.

Nasi wenyewe hatukubaki nyuma. Ofisi siku hizi zina kitengo cha rasilimali watu. Watu wameondoka, watu wamechoka, watu wamezeeka. Rasilimali watu imepungua. Ukinielewa hapo, umeielewa hofu kubwa ya mhadhara ule wa mwaka 1953: binadamu anayeitazama dunia yote kama akiba hujikuta naye yumo ghalani, amepangwa rafu moja na mto wake.

Hata hivyo simtaji Heidegger ili umfuate. Mwaka 1933 aliingia chama cha Wanazi. Mtu aliyeandika kwa upole juu ya udongo, kijiji, na kibanda chake cha mlimani, alisimama upande wa watawala waliowageuza wanadamu kuwa takataka za kuchomwa, na hadi anakufa mwaka 1976 hakuomba radhi hadharani kwa maneno yanayoeleweka. Babu yako aliomba radhi mti. Huyu hakuomba radhi watu. Ninapokutana na mtu anayeipenda dunia sana, kwanza humtazama anavyowatendea wenye jasho na matope miguuni. Mapenzi ya udongo yasiyo na nafasi kwa watu yameshaleta maafa, na huku kwetu pia wamekuwepo walioondolewa kwenye ardhi zao kwa jina la kuwahifadhi wanyama.

Wala usidhani nyenzo za zamani zilikuwa safi kwa kuwa zilikwenda na majira. Pwani tunalisifu jahazi, na mimi nalisifu. Nahodha hakuuamuru upepo. Alingoja kaskazi imsukume kuja na kusi imrudishe, na kama msimu umempita alikaa bandarini miezi. Jahazi ni mfano mzuri wa chombo kinachokubali kwamba upepo una safari zake. Ila majahazi hayohayo, kwa tanga hilohilo na upepo huohuo wa Mungu, yalibeba watumwa kutoka Kilwa hadi Unguja. Chombo kilichopatana vizuri na bahari kilibeba watu waliokwisha kufanywa bidhaa. Kwa hiyo jicho linalogeuza kiumbe kuwa mzigo halikuzaliwa na umeme. Umeme umelipatia jicho hilo mkono mrefu, basi.

Na urefu huo wa mkono ndio unaonipa wasiwasi kuliko kitu kingine. Babu yako aliuona mti. Alijua kivuli chake, ndege wake, pengine alijua nani alizikwa karibu nao. Shoka na mti vilikuwa mahali pamoja. Wewe angalau unaweza kupanda gari ukaenda kuuona mto unaowasha taa zako. Lakini ile simu unayosomea usiku? Betri za aina hiyo zinatumia kobalti, na zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, hasa kule Kolwezi na jirani zake, ambako watu wanasema Kiswahili kama wewe na mimi, kwa lafudhi yao. Wapo wanaoshuka kwenye mashimo kwa kamba, bila nguzo za kuzuia udongo. Unamwomba nani radhi hapo? Udongo ule hujauona, na mchimbaji ukikutana naye mtasalimiana kwa lugha moja bila kujua kwamba kitu chake kiko mfukoni mwako. Kutojua huku si ubaya wa moyo wako. Ndivyo mambo yalivyopangwa, na inabidi kuyapangua kwa makusudi, kwa kuuliza vitu vyetu vimetoka wapi.

Nirudi sasa kwa babu yako, kwa sababu naona umemtaja kama mtu unayemwonea aibu kidogo na kumwonea wivu kidogo. Alipouomba mti radhi, je, aliuacha? Hapana, aliukata. Nyumba ilihitaji boriti. Radhi haikuzuia shoka. Ilizuia mkono kwa muda mfupi, na ndani ya muda huo alikiri kwamba mti ulikuwa na maisha yake kabla yeye hajawa na shida yake. Pengine siku nyingine alipokuwa ameinama kuomba aliona kiota, akachagua mti mwingine.

Sisi tunayo radhi ya kisasa. Inaitwa tathmini ya athari kwa mazingira, na Tanzania ina sheria yake ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 2004. Ikifanywa kwa moyo, inafanya kazi ileile ya babu: inazuia mkono, inauliza nani anaishi hapa, inaacha nafasi ya kuona kiota. Kosa la Kihansi, kwa maoni yangu, halikuwa kufua umeme. Kosa lilikuwa mpangilio. Uchunguzi wa kina ulikuja wakati shoka limeshaingia kwenye shina. Chura alipoonekana, swali halikuwa tena "tujenge namna gani?" Lilikuwa limeshakuwa "tumfanyie nini huyu aliyetukwamisha?" Radhi inayoombwa baada ya mti kuanguka ni taarifa tu.

Swali hilohilo ningeliuliza kila mahali tunapojenga, bila kinyongo na wajenzi. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, la megawati 2,115, lilianza kufua umeme mwaka 2024, na naelewa furaha yake. Lakini chini ya lile bwawa wako wakulima wa mlau, wanaopanda kwenye tope jipya mafuriko yanapopungua, na mbele zaidi iko delta yenye mikoko na kamba wa majini. Kwao mafuriko hayakuwa maafa peke yake, yalikuwa pia mbolea. Nani anahesabu tope kwa uaminifu uleule tunaohesabia megawati? Ningependa swali hilo liulizwe na wahandisi wenyewe, na mafundi wao, kabla halijaulizwa na sisi wa darasani.

Lipo jambo moja la Kihansi ambalo Heidegger hakuliona kwa mfano wa mto wake. Bila mradi wa umeme, huenda hakuna mtu ambaye angelichunguza korongo lile kwa karibu hivyo. Mkono uliomwondolea chura manyunyu ndio huohuo uliomwandika na kumtambulisha kwa ulimwengu. Na leo anaishi kwa sababu ya mabomba. Wapo wanaosema chura anayelishwa mvua na bomba si chura wa porini tena, na wanaona huo ni ushindi wa mwisho wa mashine. Mimi nasita. Naona pale ufundi uliobadilishiwa bwana: bomba lilelile, valvu zilezile, hesabu zilezile za msukumo wa maji, ila safari hii zinakitumikia kiumbe ambacho hakituletei chochote.

Hapo ndipo ninapokujibu, kwa sababu uliuliza kuhusu kazi yako na mimi nimekuzungusha. Neno "fundi" liko jirani na kufunda na kufundisha. Kungwi humfunda mwali. Seremala hufundwa na mbao, anajifunza nyuzi zake zinaelekea wapi na akizipinga anapasua. Wagiriki wa kale nao walikuwa na neno ambalo leo limo ndani ya "teknolojia", nalo kwao lilimaanisha ufundi wa namna hiyo, wa mtu anayekisaidia kitu kitokeze. Kwa hiyo sikuoni kama mshirika wa dhambi kwa sababu tu unaunga nyumba kwenye gridi. Fundi anayekataa kuiba kwenye vipimo vya waya, anayemweleza mama mwenye nyumba ni taa ipi inakula uniti nyingi, anayejua umeme wake unatoka mto gani na anawaambia watoto wanaomzunguka wakimshangaa juu ya ngazi, huyo bado anafundwa na kufunda. Kinachoniogopesha ni fundi aliyekuwa mfungaji tu, ambaye naye ameingia kwenye orodha ya rasilimali na hajui tena anagusa nini.

Usirudi kwenye koroboi. Rudi kwenye radhi, na uombe mapema. Siku ukiitwa kwenye kazi kubwa, ya nguzo zinazopita msituni au mtambo mdogo kwenye kijito cha kijiji, uwe yule wa kwanza kuuliza nani anakaa hapa, na nina maana wote, wenye majina na wasio na majina. Watakuona unachelewesha kazi. Vumilia.

Na mwisho, juu ya yale mabomba ya Kihansi. Maji ya mto hubeba mchanga, na tundu dogo lolote linalopitisha maji ya mto huziba. Likiziba, lazima mtu apande korongoni alizibue, na msimu ujao tena, na mwingine baada yake, maadamu mashine zinafua umeme kule chini na chura anakaa kule juu. Tulipouchukua mto tulijifunga kazi hiyo, na haina tarehe ya kumalizika. Mimi siiwezi, sijui hata spana ya namba ngapi inahitajika. Wewe unaiweza.